Saa ya zamani ya kifahari? Ifunguliwe kwanza kabla hujatuma pesa

BONASI ya majani chai ilipoingia, binamu yangu wa Nyamira hakununua ng'ombe wala mabati. Alinipigia simu saa nne usiku kuniambia amepata Omega.

"Omega ipi?"

"Omega ya kitambo, bro. Ya Uswisi. Kuna mzee Keroka anaiachilia kwa 45."

Alimaanisha Sh45,000. Pesa hizo zinakaribia karo ya mwaka mzima ya mtoto mmoja katika shule ya bweni, na jamaa alikuwa tayari kuzituma kwa M-Pesa usiku huo huo ili mtu mwingine asimpiku. Nilimwomba anitumie picha kwanza. Zikaja tatu, zote za giza, moja ikionyesha mkono wa mwenye saa kuliko saa yenyewe. Uso wa rangi ya fedha, jina Omega, chini yake neno Genève. Ilikuwa inapendeza, siwezi kudanganya.

Na kama kawaida, saa ilikuja na hadithi yake. Mwenyewe alisema aliachiwa na marehemu babake, mwalimu wa shule ya misheni, ambaye naye alizawadiwa na mwalimu mkuu Mzungu aliyekuwa akirudi kwao Uingereza mnamo 1970. Hadithi tamu. Nilimwambia binamu asitume hata shilingi ya kushikilia. Tukakubaliana kukutana mjini Kisii Jumapili, kwa kuwa mwenye saa ni Msabato na Jumamosi hafanyi biashara.

Tuseme ukweli: kwa wengi wetu, rolex ya kwanza tuliyoweza kumudu ni ile ya Waganda, mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati. Hiyo huwezi kuuziwa feki. Lakini miaka hii ya karibuni saa za kitambo zimerudi kwa kishindo mikononi mwa vijana. Simu inakuonyesha saa bure, kwa hivyo mtu akivaa saa ya kutia ufunguo anataka uone kitu kingine: kwamba ana macho, ana historia, ama ana pesa. Na pesa zipo kweli katika biashara hii. Oktoba 2017, saa aina ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman ilipigwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Hizo ni habari za huko juu, lakini bei ya juu huivuta ya chini. Ikivutwa tu, wenye feki hawako mbali.

Omega Genève si saa ya milioni. Zilitengenezwa kwa wingi hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, na ile ya chuma iliyo salama huuzwa ng'ambo kwa dola mia kadhaa. Ukibadilisha kwa shilingi, unafika pale pale kwa Sh45,000 za yule mzee. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. "Rolex" ya Sh1,500 kando ya stendi haimdanganyi mtu, maana muuzaji na mnunuzi wote wanajua wanachofanya. Feki inayouma ni ile yenye bei ya kuaminika.

Kabla hatujafika kwa fundi, elewa kwamba saa ya zamani haigawanyiki tu kuwa orijino au feki, kama noti ya elfu. Katikati kuna mengi. Kuna saa halisi ambayo uso wake umefutwa na kupakwa upya. Kuna saa halisi iliyobadilishwa mishale, kioo na kile kitufe cha pembeni cha kutia ufunguo. Halafu kuna saa ya kuungaunga: mwili wa hii, mashine ya ile, uso wa nyingine. Wakusanyaji huiita Frankenstein, kwa jina la yule mwanasayansi wa kitabuni aliyeunganisha viungo vya maiti mbalimbali akapata kiumbe mmoja.

Ukidhani hayo ni matatizo ya Keroka pekee, sikiliza hii. Novemba 2021, kampuni ya mnada ya Phillips iliuza jijini Geneva saa ya Omega Speedmaster ya miaka ya 1950 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Aliyeinunua ni Omega yenyewe, kwa ajili ya makavazi yake. Mwaka wa 2023 kampuni hiyo ikatangaza kwamba saa ilikuwa imeungwaungwa kwa vipuri, na kwamba watu waliowahi kufanya kazi ndani ya kampuni walihusika. Kama waliotengeneza saa wanaweza kuchezewa shere na saa yao wenyewe, wewe na mimi ni nani tununue kwa picha ya WhatsApp?

Fundi tuliyemwendea ana kijimeza chenye sanduku la kioo kwenye veranda moja mjini Kisii, katikati ya muuza vifuniko vya simu na mama wa ndizi. Mafundi wa aina yake wamebaki wachache. Wengi walihamia simu, wengine kazi imekuwa kubadilisha betri na kukata mikanda. Huyu alianza kufungua saa kabla sisi hatujazaliwa, na anajua mlio wa mashine kama mkulima anavyojua kikohozi cha ng'ombe wake.

Mwenye saa alitutangulia. Mzee wa miaka hamsini na kitu, koti la Jumapili, viatu vimepigwa rangi. Hakuwa na sura ya mabroka wa mjini hata kidogo, na hilo lilinichanganya. Aliivua saa mkononi polepole, akaifuta kwa leso, akamkabidhi fundi kwa mikono miwili.

Fundi hakuuliza ni ya nani wala imetoka wapi. Alipachika lensi yake kwenye jicho, akaigeuza saa kuelekea mwanga. Kazi ya kwanza ilichukua kama dakika tatu, bila kufungua chochote, na nyingi ya hatua zake unaweza kuzifanya mwenyewe kwa kamera ya simu ukivuta karibu.

Alianza na kioo. Omega za miaka hiyo zilikuwa na kioo cha plastiki ngumu, na katikati kabisa ya kioo, upande wa ndani, kiwanda kiliweka alama ndogo mno ya herufi yake ya Kigiriki. Huwezi kuiona kwa macho matupu; inataka lensi na mwanga wa pembeni. Hakuiona. Akasema hiyo peke yake haina neno, kwa sababu kioo ni kama tairi, kikichoka hubadilishwa. Kitufe cha pembeni nacho kilitakiwa kuwa na alama hiyo hiyo. Hiki kilikuwa kitupu. Bado hakukunja uso.

Uso wa saa ndio uliomfanya anyamaze. Akaniita nitazame. Maandishi ya kiwanda, aliniambia, hukaa kama yamemwagwa na mashine: kingo kali, unene mmoja, nafasi sawa. Haya yalikuwa manene kidogo, herufi ya mwisho ya Genève ikikaribia kugusa ya pembeni yake. Vistari vya dakika havikukutana vyema na alama za saa. Pale kwenye saba, kistari kilikuwa kimejisogeza kando kama abiria anayekwepa nauli. Na chini kabisa, penye sita, palikuwa pameandikwa T SWISS MADE T.

Hiyo T ni hadithi nzima. Zamani saa zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye redio, madini yenye mnururisho. Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vikahamia tritiamu, ambayo ni salama zaidi, na ndiyo iliyowakilishwa na hizo T mbili. Kwa hivyo uso wenye T unatarajiwa kuwa na nukta za rangi ya kung'aa mahali fulani, penye alama za saa au kwenye mishale. Huu haukuwa na nukta hata moja. Aliyeupaka upya alinakili maandishi kutoka saa nyingine bila kujua maana yake.

Tritiamu ina siri nyingine inayosaidia sana. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Saa ya 1970 imeshapitia vipindi vinne vya aina hiyo, kwa hivyo rangi yake inatakiwa kuwa imekufa kabisa au karibu kufa. Mtu akikuingiza chumba cha giza akuonyeshe jinsi saa yake ya 1970 inavyowaka kijani usiku kucha, mwambie asante kwa maonyesho, kisha ujue rangi hiyo ni ya juzi. Na ukikutana na saa ya miaka ya 1940 au 1950 yenye rangi ya redio iliyoanza kuganduka, usiikwangue wala kuipuliza. Vumbi lake si la kuvuta.

Binamu alikuwa ameanza kuhangaika na simu yake. Akauliza, sasa ni feki? Fundi akamjibu kwa utulivu kwamba bado hajaiona saa, ameona nguo tu.

Akakifungua kifuniko cha nyuma.

Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa na kila kitu tulichotaka: jina Omega Watch Co., maandishi ya Uswisi, na nambari iliyoanza na 135, ambayo katika hesabu ya Omega ya wakati huo ni ya saa za kiume za kutia ufunguo kwa mkono. Mchongo safi, wa kina, bila wasiwasi. Mzee mwenye saa akatabasamu kwa mara ya kwanza. Binamu akanipiga kiwiko.

Kisha fundi akatuonyesha mashine.

Mashine ya Omega ya miaka ya 1960 ukiiona mara moja huwezi kuisahau. Ina rangi ya shaba nyekundu, karibu na waridi, na juu yake pamechongwa jina la kampuni, nambari ya aina ya mashine, kwa mfano 601, na nambari ya seriali yenye tarakimu saba au nane. Kwa nambari hiyo unaweza kukadiria mwaka: zile zinazoanzia milioni 28 ni za kuelekea 1970. Yaani hadithi ya mwalimu mkuu Mzungu ingethibitishwa au kuanguka hapo hapo, kwa tarakimu nane.

Tuliyoiona ilikuwa ya rangi ya fedha iliyofifia. Haikuwa na jina la Omega wala seriali. Kwa lensi, kando ya gurudumu la mizani, kulikuwa na herufi ndogo tatu: FHF. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Fontainemelon, cha Uswisi pia, kilichouzia makampuni mengi mashine za saa za bei nafuu. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nyumba yake, ikazungushiwa kipete cha shaba kilichokatwa kwa mkono ili isicheze. Vijiguu vinavyoushikilia uso kwenye mashine vilikuwa vimekatwa, uso ukabandikwa kwa gundi.

Mwili ni wa Omega, uso ni wa Omega uliopakwa upya, moyo ni wa saa nyingine kabisa.

Nilitarajia mzee ang'ake. Mabroka hufanya hivyo: hupandisha sauti, hukuuliza kama unamwita mwizi, huinuka na saa yake. Huyu alikaa kimya. Baada ya muda akauliza kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini, kama fundi ana hakika. Halafu akasema babake aliivaa saa hiyo hadi siku ya kulazwa hospitalini, na alikuwa akiitia ufunguo kila jioni baada ya maombi. Ilikuwa ikienda.

Ndipo fundi alipotueleza jambo ambalo sijaliona kwenye video yoyote ya YouTube ya kutambua saa feki. Mashine ya Omega ikivunjika kipuri miaka ya 1980, alisema, ungetoa wapi kingine hapa Kisii? Uagizaji bidhaa nchini ulibanwa na leseni na uhaba wa fedha za kigeni, vikwazo vilivyokuja kulegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na hata ng'ambo, saa za betri, ambazo Seiko ilizindua Desemba 1969, zilikuwa zimeviua viwanda vingi vya saa za ufunguo. Mwalimu anataka saa itembee Jumatatu asichelewe kengele. Fundi ana saa mbovu ya bei nafuu kwenye droo, mashine yake nzima. Anaikata, anaitia kipete, anamrudishia mwalimu saa inayotembea kwa pesa kidogo. Kila mtu anaenda nyumbani ameridhika. Uso ukiota madoa ya jasho na unyevu wa milima hii, unatumwa mjini kupakwa upya, unarudi uking'aa. Tena mteja alilipa zaidi kwa sababu ya huo mng'aro. Wakati huo hakuna aliyeita hiyo ulaghai. Yeye mwenyewe, fundi alikiri, amezifanya nyingi.

Kwa hivyo mzee hakuwa amedanganya. Babake hakudanganya. Pengine hata mwalimu mkuu alikuwepo kweli na saa aliitoa. Na bado Sh45,000 haikuwa bei yake. Hilo ndilo ningependa kila kijana anayewinda saa ya kitambo alitie kichwani: muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa na saa ikawa si yenyewe. Uaminifu wa uso wa mtu si kipimo cha saa. Ukiingia ukidhani kazi yako ni kunusa matapeli, utampita tapeli mwenye sura nzuri na utamtusi mzee wa watu asiye na hatia.

Mzee akaomba dakika chache ampigie simu dadake mkubwa. Akasogea hadi kwenye ngazi, mkono mmoja sikioni, mwingine umeshika saa.

Sisi tukabaki na fundi, na kwa kuwa binamu alikuwa na Sh45,000 zikimwasha mfukoni, akauliza kuhusu Rolex. Fundi akacheka. Alisema huletewa "Rolex" mara kwa mara, na nyingi hahitaji kuzifungua.

Watu wamekariri kwamba Rolex mshale wake wa sekunde hutiririka, haurukiruki. Ni kweli nusu. Saa yoyote ya mashine, hata ya bei ya kutupa, mshale wake hutiririka hivyo. Kwa hivyo kutiririka hakuthibitishi kitu. Tena Rolex wenyewe walitengeneza saa ya betri, Oysterquartz, kuanzia 1977, ambayo huruka sekunde kwa sekunde na ni halali kabisa. Wengine husema orijino lazima iwe nzito. Rolex nyingi za zamani zilikuwa na mikanda ya chuma kilichokunjwa, nyepesi, inayolialia mkononi kama funguo. Ile nzito kama kufuli inaweza kuwa ndiyo ya jana.

Cha kutazama ni nambari. Kwenye Rolex ya miaka ya 1970, ukiuvua mkanda utaona nambari ya modeli upande wa saa kumi na mbili, na seriali upande wa saa sita, zimechongwa kwenye chuma katikati ya masikio yanayoshika mkanda. Mchongo unatakiwa kuwa mwembamba na mkali, si wa chengachenga kama umechomwa kwa asidi. Kuiweka seriali ndani, kwenye ule ukingo unaouzunguka uso chini ya kioo, kulikuja miaka ya 2000. Mtu akikuambia saa ni ya 1975 na seriali iko huko ndani, umemaliza kazi. Vilevile kile kitaji kidogo kilichochorwa kwa leza kwenye kioo, penye sita, kilianza miaka hiyo hiyo ya 2000. Saa ya zamani ikiwa nacho, basi angalau kioo si chake cha awali. Na Rolex ya 1970 yenye mgongo wa kioo wa kuonyesha mashine ikizunguka? Hiyo ukionyeshwa, funga zipu ya mfuko.

Kuna na stori ya Ghuba. Kila ukoo hapa sasa una mtu aliyefanya kazi Doha, Dubai au Muscat, kwa hivyo "hii imetoka huko, nilipewa na bosi" ni sentensi yenye uzito. Na kweli zipo Rolex zilizoagizwa kwa ajili ya Sultani wa Oman na kutolewa zawadi, nyingine zikiwa na jambia la nembo ya Oman usoni. Wakusanyaji huzilipia zaidi sana kwa sababu ya jambia hilo. Sasa fikiria wewe ni mpakaji nyuso za saa: ni alama gani rahisi zaidi ya kuongeza ili bei iruke? Nembo ikipandisha bei, itilie shaka mara mbili, siyo mara moja.

Binamu hakupenda mwelekeo wa mazungumzo. Aliuliza, kwa hivyo kijana asiye na milioni avae nini? Fundi akafungua droo akatoa Seiko 5 iliyokwaruzika, mkanda hauna. Seiko 5 ilianza kuuzwa 1963, na kama una babu aliyewahi kuwa na mshahara hapa Gusii, kuna uwezekano mzuri iko moja kwenye kabati la sahani. Si ya kifahari kwa bei, lakini ni shule nzuri ya kujifunza kusoma saa, kwa sababu inajieleza yenyewe mgongoni. Tarakimu ya kwanza ya seriali ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa O, N na D. Hii yake ilianza na 7D: Desemba, mwaka unaoishia na saba. Ni 67, 77 au 87? Unatazama nambari ya mashine, iliyoandikwa mgongoni hapo hapo. Ilikuwa 7009, mashine ya miaka ya 1970 na 1980, kwa hivyo 1967 inatoka kwenye orodha. Chini ya uso nako kuna vijinambari vidogo sana, na tarakimu nne za mwanzo zinatakiwa kuanza na hiyo hiyo 7009. Zisipopatana, kuna kitu kimehamishwa.

Aonywe anayenunua Seiko mtandaoni: soko limejaa zile zilizopakwa upya huko India, nyuso za machungwa na samawati ya kuwaka ambazo kiwanda hakijawahi kuzitoa. Zinatembea. Ni za bei nafuu. Ukiipenda nunua, ila usilipe bei ya orijino, wala usimuuzie mwenzako ukiiita orijino.

Kuhusu pesa na sheria, nitapita haraka. Kuuza bidhaa ghushi ni kosa chini ya Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Lakini huwezi kudai maelezo ambayo hayakuandikwa. Kwa hivyo andikeni karatasi: jina la saa, nambari za mwilini na za mashine, nini ni cha asili na nini kimebadilishwa, bei, majina na nambari za vitambulisho. Lipa kwa simu ukiwa umesimama mbele ya fundi, saa ikiwa wazi, si usiku ukiwa kitandani. Na muulize mwenye saa ameipataje, kisha usikilize vizuri, maana kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, kunaweza kukufikisha mahakamani.

Sanduku na karatasi za dhamana? Nzuri kuwa nazo. Lakini anayeweza kupaka uso wa saa hashindwi na kuchapisha kadi.

Mzee alirudi kutoka kwenye ngazi. Binamu, ambaye si mtu mbaya, akamwambia, "Baba, mimi bado naipenda. Naweza kukupa saba." Elfu saba. Fundi alitikisa kichwa kidogo kuonyesha bei si ya dhuluma kwa saa ilivyo. Mzee akamgeukia yeye, si binamu, akauliza kama inawezekana kuirudisha mashine yake ya asili. Fundi akasema inawezekana kuitafuta, na mashine nzima ya 601 ikipatikana ng'ambo, pamoja na uso wa kufaa na kazi, gharama itaipita saa yenyewe.

Mzee akasema anahitaji pesa, ana binti chuoni. Lakini dadake amesema kama ni elfu saba, irudi nyumbani. Aliyasema haya akiwa tayari anaifunga mkononi. Binamu hakusukuma. Alitoa mia tano akampa ya nauli ya kurudi Keroka, mzee akakataa, akasisitizwa, akapokea. Fundi naye alikataa kulipwa na mzee kwa kufungua. Sisi alitutoza mia mbili, kila mmoja.

Tulibaki tukiitazama ile Seiko. Binamu aliigeuza, akasoma 7D kwa sauti, akaniuliza tena O ni ya mwezi gani. Kisha akamuuliza fundi anaiuza ngapi. Fundi akamwambia kwanza aisafishe, arudi wiki ijayo, na asiwe na haraka. Mkononi mwake mwenyewe, fundi alikuwa na Casio ya plastiki, ile nyeusi ya tarakimu. Akaitazama, akatuambia imefika saa ya chakula, akafunika sanduku lake la kioo kwa kitambaa.